Sikio Kwenye Mwimo

Jumapili ya zamu yangu, kanisani Weti,
nilipangiwa Torati, mlango wa watumwa.
Tulikuwa watu tisa, na mvua ya vuli juu ya bati.
Nikasoma: miaka sita atatumika,
wa saba atatoka huru, bila kulipa kitu.
Mzee Zakaria Feruzi akaitika "naam"
kama aliyesikia bei ya karafuu imepanda.

Nikaendelea, maana ukurasa unaendelea.
Ikiwa mke alipewa na bwana, na mke akazaa,
mke na watoto ni mali ya bwana;
yeye atoke peke yake, alivyoingia.
Hapo naam haikuja.
Na akisema, nampenda bwana wangu,
nampenda mke wangu, na wanangu, sitoki,
apelekwe mlangoni, sikio liegemezwe kwenye mwimo,
litobolewe kwa msharasi,
awe wake daima.

Ona alivyolazimika kumtaja bwana kwanza,
watoto mwisho,
kama mtu anayelipa ushuru
ndipo aruhusiwe kushusha mzigo wake.

Bibi mzaa babu aliitwa Sikujua.
Karani wa shamba, Mtambwe, alimuuliza kwao ni wapi
akaandika jibu penye nafasi ya jina.
Alikuwa na matundu saba sikio la kulia;
ya urembo, husema shangazi Damari.
La nane, chini, pana kuliko yote,
halikuwahi kutiwa pete
wala kuulizwa.
Siku hati za uhuru zilipotolewa Chake
wajoli wake walirudi na karatasi.
Yeye alirudi jikoni, babu yangu mgongoni,
na wengine wawili, wazalia, wamelala
chini ya paa la mwenye shamba.
Wakamcheka: mkataa kwao mtumwa.
Kwao?
Nani alimwonyesha kwao, akakataa?

Usiku umeme ulikatika. Kwa taa ya simu
nikasogea hadi Walawi.
Mwaka wa hamsini, baragumu lilie,
kila mtu arudi kwenye milki ya wazee wake;
ardhi haiuzwi moja kwa moja.
Nilifurahi mistari kama ishirini.
Kisha nikamkuta mgeni,
aliyenunuliwa kwa mataifa ya kando.
Huyo hana baragumu. Huyo hurithishwa,
baba kwa mwana, pamoja na kisima.
Nikafunga kitabu, kidole kikabaki ndani.
Tangu shule ya Jumapili nimejihesabu
miongoni mwa waliovuka bahari kwa miguu mikavu.
Kumbe tuliandikwa huku.

Babu alipata eka tatu mwaka wa sitini na tano.
Wapimaji walikuja na mnyororo wa chuma,
wakauburuta kati ya mikarafuu, wakihesabu pingili.
Babu, mzee wa mvi, alijificha chooni
hadi alipoitwa kwa jina lake kamili, mara mbili.
Mikarafuu thelathini na saba, hati, mhuri.
Na mjukuu wa mwenye shamba akapita njiani
na sanduku moja la bati kichwani,
hatazami kulia wala kushoto.
Hilo nalo lilikuwa baragumu.
Babu alipalilia miaka miwili
kabla hajathubutu kupanda mti.

Juzi kaka yangu Hezroni kapiga simu kutoka Unguja:
mteja yupo, tuuze, tugawane,
eka tatu kwa warithi kumi na mmoja
si shamba hilo, ni makaburi.
Hesabu yake sahihi. Nimeirudia kwa kijiti mchangani.
Walawi sikuwataja.
Angeniuliza hati ya Mungu
imesajiliwa ofisi gani.

Nyumba ya Sikujua imebaki nusu,
na mlango wa mfenesi usiofunga chochote.
Leo asubuhi niliweka sikio kwenye mwimo,
kwa kimo chake; ilinibidi niiname.
Nilidhani nitasikia neno la kumjibu Hezroni.
Nikasikia mchwa.
Wanakula taratibu, hawana haraka,
kama wenye nyumba.